Binti wa miaka 8 na timu ya kuogelea

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 8, anayevuka mita 25 bila kushika ukingo, yuko tayari kwa timu. Mimi naona yuko tayari. Kocha anahitaji mtoto anayeelea na kupumua bila hofu. Mitindo minne, yaani huru, chali, chura na kipepeo, atanolewa hukohuko.

Kitu cha kumwandalia ni siku ya mashindano. Kwenye chura na kipepeo lazima aguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja, kila anapogeuka na anapomaliza. Akigusa kwa mmoja, matokeo yake yanafutwa hata kama ameongoza. Wangu yalimkuta hayo mara ya kwanza, akalia njia nzima mpaka nyumbani, maana sikuwa nimemweleza. Inaniuma hadi leo.

Jiandae pia kukaa bwawani kutwa kwa ajili ya mbio za dakika mbili. Beba maji, chakula, taulo mbili na nguo ya kumfunika asipigwe na upepo. Kama amesukwa nywele ndefu, mtafutie kofia kubwa, ile ya kawaida itachomoka kichwani.

Na kabla hujalipa hata shilingi, uliza: mwokoaji ni nani, na je, muda wote kuna mtu mzima zaidi ya mmoja na watoto, hadi vyumba vya kubadilishia nguo? Wakikwepa hilo, mpeleke kwingine.