Kabla Hujakubali Kuajiriwa na Wabunge Watatu kwa Pamoja

Nimekuwa mhasibu katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, nikilipwa na wabunge kadhaa kwa wakati mmoja. Vijana wetu walioko Washington huniuliza kama kazi ya namna hiyo inafaa. Inafaa, tena inafundisha sana, ila uingie ukizijua kanuni.

Kila mbunge anaruhusiwa wafanyakazi wa kudumu 18, na juu yao wengine 4 wa makundi maalumu, kama vile vibarua wa muda, au watu waliomo kwenye orodha ya mishahara ya ofisi zaidi ya moja. Hao wa mwisho ndio sisi. Wengi ni wahasibu na mafundi wa kompyuta, kwa sababu ofisi moja haina hesabu za kumshughulisha mtu mwezi mzima.

Penye hatari ni mshahara. Kanuni ya 23 ya Baraza inamkataza mbunge kumweka kazini mtu ambaye kazi yake hailingani na malipo yake. Kwa hiyo kila ofisi ilipie kazi inayofanyiwa yenyewe. Nimeshaambiwa, kwa nia njema kabisa, "Mwezi huu tukulipe sisi mshahara wote, wenzetu fungu lao limepungua." Kataa kwa heshima, hata kama wabunge hao ni marafiki wa chama kimoja. Matumizi ya Baraza huchapishwa kila robo mwaka, na jina lako litakuwemo pamoja na kiasi ulicholipwa na kila ofisi. Mgawanyo uandikwe kabla hujaanza, na kazi ikizidi upande mmoja, fomu ya malipo ibadilishwe mara moja.

Halafu siri. Nimewahudumia wabunge wa vyama vyote viwili. Nilikuwa nafunga mafaili ya huyu kabisa ndipo nafungua ya yule, na sikujibu swali lolote kuhusu bajeti ya jirani, hata lililoulizwa kwa utani kwenye lifti.

Likizo ni jambo dogo, lakini ujue nani anaiidhinisha. La kusumbua zaidi ni ankara za ofisi zote kuja siku moja, kila mmoja akitaka aanze yeye. Waombe wakuu wa ofisi hizo wakae nawe pamoja, wakubaliane nani atangulie lini, na uyaandike. Wakikosa hata nusu saa ya kikao hicho, mimi nisingesaini.