Ukitaka kujifunza kukata karatasi kwa Kichina, anzia walikoanzia wenyewe

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza sanaa ya Kichina ya kukata karatasi, inayoitwa jianzhi, huwa wameshapakua mchoro wa joka kwenye simu. Huwaomba waliweke joka hilo kando kwanza. Mimi nilijifunza kazi hii nikiwa mwanafunzi Xi'an, mkoani Shaanxi, na tangu niliporudi Morogoro naifundisha kwa watoto wa shule ya msingi na kwa kina mama wa kikundi cha ushonaji. Nimeona kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akipita hatua zilezile ambazo sanaa yenyewe ilizipita kwa miaka zaidi ya 1,400. Aliyeanza na joka anaweza kulimaliza, tena likapendeza, lakini ukimpa karatasi tupu hajui pa kutia mkasi.

Basi anza na mduara. Vipande vya kale kabisa vilivyobaki vilipatikana mwaka 1959 katika makaburi ya Astana, karibu na Turpan, kwenye jangwa la kaskazini magharibi mwa China. Ni vya enzi ya Falme za Kaskazini (386–581), na ukavu wa nchi ile ndio uliovitunza. Vingine vina farasi, vingine vina kima, wamepangwa wawili wawili kuzunguka nakshi ya katikati. Ukivitazama vizuri unaona jinsi fundi alivyofanya kazi: hakukata kila farasi peke yake, bali aliikunja karatasi, akakata mara moja, kisha akaikunjua. Hilo ndilo somo la kwanza. Chukua karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona upate pembetatu, halafu kunja pembetatu hiyo katika sehemu tatu sawa kutoka katikati ya upande mrefu. Sasa una tabaka sita. Kata unavyotaka, ila usiumalize upande wowote wa mkunjo, kwa sababu hapo ndipo vipande vinaposhikana.

Karatasi ya printa ni nzito mno kwa kazi hii. Nenda steshenari uulize karatasi nyepesi za rangi za kufungia zawadi. Mkasi uwe mdogo, na ukate mpaka nchani. Mkubwa wa fundi cherehani hautakufaa kwenye matundu. Mkono wa mkasi utulie, ule wa pili ndio uizungushe karatasi. Matundu ya ndani yatangulie, mzingo wa nje uje mwisho, maana ukishakata nje karatasi inalegea na huwezi tena kuishika. Watoto hupenda kuanza na nje. Wakumbushe kila mara.

Ukishazoea mduara, kata alama ya furaha maradufu ambayo Wachina hubandika nyumba ya harusi. Kunja karatasi nyekundu nusu, kisha nusu tena kwa urefu, na nusu ya umbo moja inakuwa alama mbili zilizoungana. Tumia nyekundu. Karatasi nyeupe iliyokatwa huko ni ya misiba, na kumpelekea bibi harusi zawadi ya namna hiyo ni jambo zito.

Uhusiano huo wa karatasi na roho za watu ni wa zamani sana. Mshairi Du Fu, wa karne ya 8, alisimulia jinsi familia yake ilivyopokewa na rafiki wakati wa kukimbia vita: walioshwa miguu kwa maji ya moto, wakakatiwa karatasi za kuziita nafsi zao zirudi. Mpaka siku hizi zetu, vijijini Shaanxi kina bibi wamekuwa wakikata kidoli chenye vishungi viwili kichwani kwa ajili ya mtoto mgonjwa au aliyeshtuka, na kingine chenye ufagio wa kufagia mawingu mvua inapozidi. Chini ya nasaba ya Song ya Kusini (1127–1279) ufundi huu ulifika hadi kwa wafinyanzi wa Jizhou, mkoani Jiangxi, waliobandika karatasi zilizokatwa kwenye bakuli za chai ili umbo lake libaki katika rangi ya kung'arishia. Nayataja haya kwa sababu mwanafunzi akidhani jianzhi ni mapambo tu, hukata ua lolote popote.

Hatua inayostahili muda wako mwingi ni maua ya dirishani. Kwenye nyanda za udongo wa manjano za kaskazini mwa Shaanxi, watu waliishi katika nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa vilima, zenye mlango na dirisha upande mmoja tu. Dirisha lilikuwa fremu ya mbao yenye vyumba vidogo, iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe badala ya kioo. Kwa mwaka mzima karatasi ile ilikula moshi na vumbi. Ikikaribia Sikukuu ya Machipuko, yaani mwaka mpya wa Kichina, ilibanduliwa, ikawekwa mpya, na juu yake zikabandikwa nakshi nyekundu zilizokatwa na wanawake wa nyumba ile. Usiku, taa ikiwaka ndani, mpita njia aliziona kutoka nje. Mchana waliokuwa ndani waliziona zikipenyezwa na jua.

Ukielewa hali hiyo, unaelewa sheria za ukataji bila kukariri. Nakshi ilitakiwa ipitishe mwanga, kwa hiyo mistari ni myembamba na nafasi ni nyingi. Ilitakiwa iingie kwenye vyumba vya fremu, kwa hiyo ni ndogo. Kuna namna mbili: unaweza kubakiza mistari na kuondoa kilichobaki, au kuondoa mistari na kubakiza uwanja mzima. Kwa dirisha, ya kwanza ndiyo inayofaa. Manyoya ya mnyama hukatwa kwa meno ya msumeno, yaani vimkato vidogo vinavyofuatana. Mikunjo ya nguo na mabawa hukatwa kwa mwezi mchanga, yaani vimkato vilivyopinda. Fanya mazoezi ya hivi viwili tu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka meno yako yawe membamba nchani na mapana shinani. Sijaona njia ya mkato hapa.

Nakshi zile pia zilisema jambo. Samaki kati ya mayungiyungi, komamanga lenye mbegu nyingi na panya anayekula tikiti huombea uzazi. Nyoka aliyemzunguka sungura ni ndoa. Bibi mmoja wa Ansai, kaskazini mwa Shaanxi, aliyenifundisha hakuwahi kuchora kwa penseli. Alishika karatasi hewani, akaanza na jicho la mnyama, na mwili ukafuata. Aliponiona na penseli alinitaka niiweke chini, na nawashauri hivyo hivyo wanafunzi wangu: mara moja kwa wiki, kata bila mchoro. Mnyama atakuwa na shingo ndefu au mguu wa ziada. Mwache hivyo.

Sasa utauliza, ikiwa kila mwaka nakshi ziliraruliwa pamoja na karatasi ya dirisha, zilirithiwaje? Jibu ni masizi. Nakshi ya zamani iliyotunzwa ndani ya kitabu cha vielelezo ililoweshwa na kulazwa juu ya karatasi nyeupe kwenye ubao, kisha ubao ukapitishwa kifudifudi juu ya taa ya mafuta. Moshi uliweusisha kila mahali isipokuwa pale nakshi ilipofunika. Ukiibandua, umbo lake jeupe linabaki, nalo linakatwa tena. Kwa njia hii kielelezo kilitoka kwa mama kwenda kwa binti, na kutoka kijiji cha binti alikozaliwa hadi alikoolewa. Nimeifanya na watoto kwa koroboi na inawafurahisha kuliko kitu kingine chochote. Ifanyieni nje, mtu mzima ndiye ashike ubao, na karatasi iwe na unyevu bado inapopita juu ya moto.

Katika karne ya 20 mambo yalibadilika haraka. Huko Yan'an, mji wa kaskazini mwa Shaanxi uliokuwa makao makuu ya Wakomunisti, baada ya hotuba za Mao za mwaka 1942 kuhusu sanaa na fasihi, wasanii wa Chuo cha Lu Xun, akiwemo mchongaji wa picha za mbao Gu Yuan, walikwenda kwa wanawake wa vijijini kujifunza maua ya dirishani. Wakayatumia kuonyesha darasa la kusoma na kuandika, mavuno na askari. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976) nakshi za kale zilipigwa vita kama ushirikina. Baadaye madirisha yakapata vioo, na vijana wakahamia mijini. Kioo hakichakai kila mwaka, na kwa maoni yangu hilo liliiumiza sanaa hii kuliko siasa.

Hata hivyo, kipindi hichohicho ndicho kilichomtoa Ku Shulan wa wilaya ya Xunyi (1920–2004), ambaye kila mwanafunzi wangu lazima amjue. Mwaka 1985 alianguka kutoka ukingo wa mwamba na kupoteza fahamu kwa siku nyingi. Alipopona alijitangaza kuwa mungu wa kike wa kukata maua, akaanza kukata vipande vidogo vya karatasi za rangi na kuvibandika tabaka juu ya tabaka hadi kuta za nyumba yake zikajaa. Mwaka 1996 UNESCO ilimtambua kama bingwa wa sanaa za jadi. Ukishaimudu karatasi moja, jaribu njia yake: mabaki yote uliyokata usiyatupe, yatenge kwa rangi, na mchana mmoja ukae uyabandike kwa uji mwepesi wa unga wa ngano.

Kisu kiwe cha mwisho. Wilaya ya Yuxian, mkoani Hebei, ndiyo maarufu kwa hili. Mafundi wake hutoboa rundo la karatasi kwa visu vidogo kisha huzitia rangi kwa dawa iliyochanganywa na pombe, ili rangi ipenye tabaka nyingi. Kazi yao ni ya kuvutia sana, ila kisu chahitaji ubao, mchoro na utulivu ambao mwanafunzi mpya hana.

Tangu UNESCO ilipoiingiza jianzhi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, maduka yamejaa nakshi za mashine, zingine za plastiki. Ukitaka kununua, omba nakala mbili za nakshi moja uzilinganishe: za mkasi hutofautiana kidogo, za mashine hufanana kila kitu. Igeuze uangalie kingo, kwani leza huweza kuacha ukingo wa kahawia. Na ukikutana na muuzaji aliyeikata mwenyewe, muulize nani alimfundisha nakshi ile na huko kwao hubandikwa lini, kisha mlipe bila kubishana bei.