Kabla Hujanunua Kamera, Kaa Kwanza Kwenye Kiti cha Mhariri

Wiki iliyopita filamu yangu fupi ilionyeshwa ukumbini hapa Mbeya, mbele ya watu waliotoa hela zao mfukoni kulipa kiingilio. Ni hadithi ya mama na mwanawe kule Rungwe. Mwishoni jina langu likatokea peke yake kwenye skrini, na juu yake neno moja: Mwongozaji. Nililia, na sioni haya kulisema hilo.

Tangu siku hiyo simu haipumziki. Ujumbe ulionigusa kuliko yote umetoka kwa kijana wa Makambako: "Shikamoo dada. Nimeona kipande cha filamu yako. Na mimi nataka kuwa dairekta. Nina laki nane, ninunue kamera gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kamera. Tafuta kompyuta iliyotumika inayoweza kuhariri video, weka programu ya kuhariri (zipo za bure na ni nzuri), halafu omba kazi ya kuunganisha picha zilizopigwa na wengine. Najua unatamani kusimama nyuma ya kamera na kusema "haya, tuanze". Sote tunaosoma hapa tunatamani hivyo. Lakini uongozaji mimi niliujulia mezani, kwa kuunganisha vipande vilivyokataa kuungana.

Niliajiriwa kwenye studio ndogo pale Mwanjelwa. Kazi zetu zilikuwa harusi, send-off, kipaimara na video za kwaya, na huku kwetu kwaya ndizo zinazolisha studio nyingi. Kamera zilikuwa za wanaume. Mwenye studio aliniambia mbele ya wateja, "Wewe dada una subira, wewe kaa na kompyuta." Alisema kwa upole, kama anayenisifu, na neno lile limenikaa moyoni hadi leo. Jumamosi wenzangu walipanda gari na stendi zao, na Jumatatu waliniletea memori kadi. Mimi nikafungua, nikatazama kila kitu, tangu kifuniko cha lenzi kinapotolewa hadi mpiga picha anaposahau kuzima na kuanza kurekodi viatu vyake.

Kule ndani ya kadi ndiko shule ilikokuwa.

Siku moja nilikuwa naunganisha baba akimpa wosia binti yake. Mpiga picha alianza akiwa upande wa jukwaa, akachoka, akazunguka nyuma ya viti na kuendelea. Nilipoweka vipande viwili pamoja, baba anatazama kulia, na binti naye anatazama kulia. Wameketi wakiangaliana, lakini kwenye skrini ungeapa wote wawili wanamtazama mtu wa tatu mlangoni. Nilihangaika nalo hadi usiku, halina dawa. Baadaye nikajua kwamba jambo hilo lina kanuni yake na wenye fani wanaiita kanuni ya digrii 180. Kati ya watu wawili wanaozungumza kuna mstari usioonekana. Ukichagua upande mmoja wa mstari huo, baki nao. Ukitaka kuvuka, vuka kamera ikiwa inarekodi ili mtazamaji avuke pamoja nawe, au weka katikati picha iliyopigwa juu ya mstari wenyewe.

Leo nikiwa mazoezini nachukua kamba ya katani, naitandika sakafuni kutoka kiti hadi kiti, na mwenye kamera haruhusiwi kuiruka. Waigizaji wanashangaa kidogo, halafu wanazoea. Kamba tunaitoa tukianza kurekodi.

Kanuni hiyo ina ndugu yake. Ukimpiga mtu picha, ukasogea hatua moja na kumpiga tena kwa ukubwa uleule, vipande viwili vikikutana mtu anaruka kama amestushwa. Sogea angalau digrii 30, na ukubwa wa picha ubadilike: toka kiunoni nenda usoni, toka usoni nenda mkononi. Waongozaji wengi wachanga wanaachia kamera palepale wakidhani watarekebisha mezani. Hakuna cha kurekebisha kama hukupiga.

Halafu kuna jambo lililonibadilisha kabisa. Kwenye harusi nyingine, mama wa bibi harusi alinaswa akitazama pembeni, ametulia, hana habari na kamera. Ilikuwa kabla sherehe haijaanza, nadhani alikuwa anaangalia wapishi. Mimi nikauchukua ule uso, nikauweka mara tu baada ya baba kumaliza wosia. Familia ilipokuja kutazama, shangazi mmoja akaangua kilio: "Mwoneni mama alivyoumia!" Uso uleule. Karibu miaka 100 iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alijaribu jambo hilohilo: alichukua uso mmoja wa mwigizaji usioonyesha kitu, akaufuatisha na bakuli la supu, mahali pengine jeneza, pengine mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni, kisha tamaa. Mimi nililisoma hilo baadaye, lakini nilikuwa nimeshaliona Mwanjelwa kwa macho yangu. Maana inazaliwa pale picha mbili zinapokutana. Mwongozaji asiyejua hilo atamchosha mwigizaji bure kwa kumwambia "lia, lia zaidi".

Ndiyo maana kwenye filamu yangu sikumwambia mama alie. Yule mama si mwigizaji, ni mchuma chai, na siku ya kwanza alipoiona kamera alikauka. Nikampa kisu na mkungu wa ndizi mbichi, nikamwambia amenye kama anavyomenya kila siku. Mwanawe anaingia jikoni na kumwambia anaondoka kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Maelekezo yangu kwa mama yalikuwa haya tu: ukisikia neno Chunya, kisu kisimame, ukihesabu moyoni hadi tatu, endelea kumenya. Tukapiga picha pana ya jiko zima, tukapiga kijana kutoka begani kwa mama, tukapiga uso wa mama, mwisho tukapiga mkono peke yake: kisu kimezama nusu kwenye ganda, utomvu unashuka kidoleni. Nilijua tangu nyumbani kwamba nitakata pale kisu kinaposimama. Kutoka uso wa kijana, kwenda mkononi, kisha kimya. Ukumbi mzima wiki iliyopita ulinyamaza pale. Naringa nalo, na nina haki ya kuringa.

Kwa hiyo mpe mwigizaji kazi ya mikono. Na kata kwenye tendo: mtu akianza kuketi kwenye picha pana, amalizie kuketi kwenye picha ya karibu, jicho halitaona mahali ulipokata. Ila lazima arudie kuketi kwa mkono uleule, kikombe kikiwa na chai ya kiasi kilekile. Kwetu kuna dada mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, anapiga kila kitu kwa simu kabla hatujahamisha kamera: fundo la kitenge liko upande gani, mshumaa umefika wapi.

Kamera yenyewe nitaisema kwa kifupi, maana mafundisho yake yamejaa kila mahali. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukirekodi chini ya taa za umeme, weka fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde na shata, ule muda wa kuingiza mwanga kwa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa nyingi zitachezacheza kwenye picha na hutaziponya mezani. Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30, badilisha. Usiiachie kamera ijichagulie rangi: weka Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,600 ukiwa juani, ipandishe kidogo kukiwa na mawingu, ibaki hapo mpaka onyesho liishe. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga ni bei nafuu na itakufundisha kusogea kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa zumu.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna mengine ambayo walimu wa Dar hawatakwambia. Ukungu wa Tukuyu ni taa ya bure, unalainisha uso na kufuta vivuli vikali, lakini fokasi ya kamera inapotea kwa sababu haioni mpaka wa kitu na kitu. Zungusha kwa mkono. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakula betri, kwa hiyo betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ukitoka nje kwenye baridi na kuingia jikoni kwenye moto, lenzi inafunga ukungu; ingiza kamera mapema ikiwa ndani ya begi, ipate joto la chumba polepole. Na mvua. Rungwe mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na ikinyesha juu ya bati hakuna maiki itakayokuokoa. Sisi maonyesho ya ndani yenye maneno tunayapiga asubuhi, mchana tunaacha kwa picha zisizo na mazungumzo. Kabla hatujaondoka kila mahali tunanyamaza wote, tunarekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika. Mhariri atakuombea dua kwa hilo.

Na kila kipande kiache kikimbie sekunde tano kabla ya kusema "anza" na sekunde tano baada ya kumaliza. Nimerudia hili kwa kila kijana aliyepita kwangu. Sekunde tano. Nyinyi mnaokata mapema mnamnyang'anya mhariri mahali pa kushika.

Sasa niseme lililobaki moyoni. Kuna video ya kwaya moja ambayo niliipanga mimi, picha kwa picha, kwenye daftari, hadi sauti ya tatu isimame wapi. Ilipotoka, jina la mwongozaji lilikuwa la mtu aliyeshika kamera. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba wewe ni edita tu. Mnaosoma hapa mkiwa mmekaa nyuma ya kompyuta ya mtu mwingine, sikilizeni: andikeni mipango yenu, wekeni tarehe, na malipo pamoja na jina lako viandikwe kabla kazi haijaanza. Usione aibu kudai jina. Na msikimbilie. Vijana mnataka droni, mnataka stendi ya kuzunguka, na bado hamjui kwa nini picha mbili zinagombana. Kaeni chini, tazameni makosa ya wengine kwa muda mrefu, mtayaona ya kwenu kabla hamjayafanya. Mkifika mahali pa kuitoa kazi hadharani, Bodi ya Filamu ina utaratibu wake wa vibali, ufuateni mapema. Usingoje bango limeshachapwa.

Kijana wangu wa Makambako, kazi yako ya kwanza ni hii. Simu yako inatosha. Tafuta watu wawili, meza moja, vikombe viwili vya chai. Mmoja ana habari asiyotaka kuisema. Chora mstari kati yao, baki upande mmoja. Piga pana, piga kila mmoja, piga mikono. Bonyeza kioo kwa muda mpaka fokasi na mwanga vifunge. Ihariri mara mbili: mara ya kwanza mtazamaji ajue habari ile mapema, mara ya pili asijue mpaka mwisho, kwa picha zilezile. Kisha nitumie zote mbili, pamoja na vipande ulivyovitupa. Nitaanza kutazama vilivyotupwa.