Mashairi yetu yanataka kazi, si kabati la makumbusho

Swali la wiki iliyopita liliuliza: "Wakimbizi walioko ughaibuni wafanye nini ili lugha yao na masimulizi ya wazee wao yasipotee?" Nami nimeona nijibu kwa upande wetu Wasomali. Nilizaliwa Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, nikakijua Kiswahili kwenye shule za kambini zilizofuata mtaala wa Kenya, na sasa naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Ninachosema ni kwamba mashairi yetu yapewe kazi ya kufanya. Mengine yote ni nyongeza.

Wengi hapa wakiulizwa swali hilo hukimbilia madarasa ya Jumamosi. Sina ugomvi nayo, mwanangu mwenyewe huenda. Lakini tukumbuke kwamba Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu, na mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari wakatumwa kwa wafugaji huko malishoni kuwafundisha kusoma. Kabla ya hapo watu wasioandika herufi hata moja walikuwa wakibeba mashairi marefu kichwani, vizazi kwa vizazi. Hawakuyabeba kwa uzuri wake peke yake. Gabay, utenzi wetu mrefu wa mambo mazito, ilidai ngamia walioporwa, ilichochea vita na ilivizima, ilimwombea mtu radhi kwa ukoo aliokosana nao. Uliihifadhi kwa sababu huenda kesho ungeihitaji chini ya mti, mbele ya wazee.

Msomaji aliyezoea vina na mizani ataelewa ugumu wake. Kwetu kina hakikai mwisho wa mstari. Mtunzi huchagua sauti moja, tuseme d, na kila nusu ya mstari wa gabay sharti iwe na neno linaloanza kwa d, tangu mwanzo hadi tamati. Mistari mia inadai maneno mia mbili ya d. Nafuu ni moja tu: irabu zote huhesabiwa kama sauti moja. Mtunzi akibanwa hukimbilia msamiati wa ngamia, mvua na malisho, na hapo ndipo watoto wetu waliokulia ghorofani Cedar-Riverside, mtaa wa hapa Minneapolis, wanapoachwa. Hata mimi wa kambini huachwa mara nyingi. Lakini sharti hilohilo ndilo linalolinda shairi, maana ukisahau neno, herufi inakuelekeza pa kulitafuta, na ukichomeka lako la ovyo wasikilizaji wanakukamata palepale.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 1979 malenga Gaarriye na Hadraawi walianzisha malumbano yaliyoitwa Deelley, yaani ya herufi d, na malenga wengine makumi wakajitosa, huyu akimjibu yule kuhusu ukabila na utawala wa Siad Barre, rais wa kijeshi wa Somalia wakati huo. Mashairi yalisafiri kwa kaseti zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Serikali ilikuwa na redio. Watu walikuwa na kaseti. Hakuna aliyewahimiza "kuhifadhi utamaduni". Walikuwa na jambo la kusema na hofu ya kulisema wazi.

Huku ughaibuni bado kuna mahali pamoja ambapo shairi lina kazi, nako ni harusini, upande wa wanawake. Majuzi nilikuwa kwenye moja. Muziki wa spika ulizimwa, ngoma ikaanza kupigwa kwa viganja, akina mama waliovaa magauni ya dirac wakafanya duara, na mama mmoja ambaye siku za kawaida huuza sambusa akashika kipaza sauti akaanza buraanbur, yaani shairi la wanawake, kwa herufi b. Alimsifu bibi harusi, kisha akamgeukia mama yake: jinsi alivyosimama akingoja basi alfajiri, baraf imemfika magotini, ili binti asome uuguzi. Bas na baraf, vyote vya b, vyote vya Minnesota, wala hakuna ngamia. Wanawake wakaingia katikati wawili wawili kucheza, noti zikamwagika. Wasichana waliokuwa wakizungumza Kiingereza tangu waingie ukumbini walinyamaza, kisha wakaanza kuulizana: kasemaje hapo? Darasa la Jumamosi halijawahi kumfanya mwanangu aulize hivyo.

Wanaume, kwa upande wao, wameiacha gabay wakabaki na siasa za Mogadishu, kikombe cha shaah, yaani chai, mkononi. Mnisamehe, abti zangu, wajomba zangu, lakini ni kweli. Mna kamati za misikiti zinazogombana, mna kodi za maduka zinazopandishwa, mna wagombea wanaokuja kuomba kura kila msimu. Hizo zote ni gabay ambazo hazijatungwa. Na vijana wasiadhibiwe kwa kukosa msamiati wa malisho. Wape herufi, waache watunge juu ya lifti mbovu ya jengo lao.

Kuna jambo lingine ambalo mikutano yetu hulipita haraka. Tukisema "lugha yetu" huwa tunamaanisha Kisomali cha redioni. Waliotoka mikoa ya Bay na Bakool, kusini mwa Somalia, wanazungumza Maay, na matangazo ya kliniki yanayoitwa ya Kisomali hayawafikii vizuri. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wana Chimiini, ambayo ninyi wasomaji wa pwani mkiisikiliza mtaitambua kuwa ndugu ya Kiswahili, na ina tenzi za dini zinazosomwa hadi leo. Wazigua wa bonde la Juba walipelekwa huko utumwani katika karne ya 19, wakaishi na Kizigua chao, na vita vilipozuka mwaka 1991 baadhi yao walikimbilia Handeni, Tanga, walikotoka mababu zao. Wengine wakapitia Dadaab na Kakuma hadi Marekani. Ukimlazimisha mtoto wa nyumba hiyo ajifunze Kisomali sanifu kwa jina la kulinda urithi, umemvua wa kwao.

Halafu kuna hili la simu. Mwaka 1988 ndege za serikali zilipoipiga Hargeisa mabomu, kanda za redio ya mji huo zilifichwa na nyingine kufukiwa ardhini, ndiyo sababu baadhi zipo hadi leo. Sisi hatuhitaji kufukia kitu. Ayeeyo, yaani bibi, aliye Garissa anamtumia mjukuu aliye Columbus, Marekani, hadithi ya Dhegdheer, lile zimwi la kike lenye sikio refu, kwa sauti ya WhatsApp, na mtoto anasikiliza akipanda basi la shule. Kizuri hicho. Kinachonikera ni kwamba mashairi yanayozunguka humo hayana mwenyewe. Kwa desturi yetu, anayelisoma shairi la mtu humtaja kwanza mtunzi na sababu ya kulitunga, na asiyefanya hivyo huonekana mwizi. Sasa sauti inakuja imekatwa mwanzo na mwisho, imeandikwa "gabay tamu" basi. Wenye makundi ya WhatsApp ndio ninaowaomba: kabla ya kubonyeza kutuma, semeni kwa sauti zenu wenyewe ni la nani, alimjibu nani, na ugomvi ulikuwa nini. Sekunde ishirini zinatosha. Kama hamjui, yupo mzee kwenye kundi hilohilo anayejua na hajawahi kuulizwa.