Shangingi la viti 8 kwenye geti la Goba

Barua ya msomaji:

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto 4, naishi Goba, Dar es Salaam, na kufanya kazi Mwenge. Mwezi Februari mume wangu aliuza kiwanja chetu cha Kibada bila kunishirikisha, kiwanja tulichokinunua kwa nusu fedha yake na nusu mkopo wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Akauza na Toyota IST, gari dogo nililokuwa naendesha, akaja nyumbani na shangingi, Land Cruiser V8 ya petroli, ya mwaka 2010, kwa shilingi milioni 95. Alisema ni zawadi ya familia, kwa kuwa sasa tutaenea wote wanane, sisi wawili, watoto, mama yake na dada wa kazi, na Desemba tutakwenda Rombo, Kilimanjaro, pamoja. Yeye huenda kazini kwa basi la ofisi. Gari naendesha mimi, kilomita 45 kwa siku, kuwapeleka wawili shule Mikocheni, kisha kazini na kurudi. Mkubwa yuko bweni, mdogo ana miaka 3 na hubaki nyumbani. Mafuta yananimaliza. Basi la shule ni shilingi 300,000 kwa muhula kwa kila mtoto, lakini mume wangu anasema haiwezekani watoto wapande basi wakati gari liko nyumbani. Ndugu wanaliazima kwa harusi na misiba, na kadi za michango zimeongezeka. Juzi nikitoka getini nilisikia dada wa kazi akipiga kelele, kumbe mdogo wetu alikuwa mbele ya gari na mimi sikumwona. Ashukuriwe Mungu hakuguswa, na mume wangu sijamwambia. Nimechoka. Je, nimshinikize aliuze?

Mama wa Wanne, Goba

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale ulipopita haraka. Habari ya mtoto aliyesimama mbele ya gari umeiweka mwishoni, baada ya mafuta na baada ya kadi za michango, kana kwamba ni jambo lililokwisha kwa kuwa hakuguswa. Kwangu hilo ndilo la kwanza, na nitakaa nalo kwa muda kabla sijagusa fedha.

Ulizoea IST, gari ambalo urefu wake haufiki mita 4, upana wake ni mita 1.7 hivi, na uzito wake ni tani 1 na ushee. Ulilokabidhiwa sasa lina urefu wa karibu mita 5 na upana wa karibu mita 2, na uzito wake ni kama tani 2.5 kabla hajapanda mtu. Ukikaa kwenye kiti kile cha juu unaona mapaa ya magari ya wenzako hadi mbali, na moyo unatulia kwamba hakuna kinachokupita. Lakini boneti ile ndefu na ya juu inaificha ardhi iliyo mbele ya bampa, na mtoto wa miaka 3, ambaye kwa kawaida kimo chake hakifiki mita 1, anaweza kusimama hapo wima, akicheka, akikusubiri umpungie mkono, nawe usione hata unywele wake. Kwa hiyo usiendelee kujiita mzembe moyoni mwako. Macho yako hayakuwa na njia ya kumfikia. Kamera ya nyuma, ambayo wengi huiamini kuliko inavyostahili, haikuambii lolote kuhusu kilicho mbele.

Fanya jambo hili leo, gari likiwa limezimwa na watoto wakiwa ndani ya nyumba. Weka ndoo juu ya stuli hadi ifike kimo cha mwanao, isimame ikigusa bampa ya mbele, kisha kaa kwenye kiti cha dereva kama unavyokaa kila siku. Mwambie dada wa kazi aisogeze mbele hatua kwa hatua mpaka wewe uione, na pale utakapoiona apachore chaki. Fanya hivyo upande wa kushoto, na nyuma pia. Ukishuka na kuitazama michoro hiyo utajua ukubwa wa eneo usilokuwa ukiliona, na baba yao naye akaitazame. Magari mengi ya aina hiyo yaliyotoka Japani huja na kioo kidogo kilichosimama kwenye boneti upande wa kushoto, ambacho watu huking'oa kwa kuona kwamba hakipendezi. Kama cha kwenu bado kipo, kiacheni, kwani kiliwekwa kwa ajili ya pembe hiyohiyo isiyoonekana. Na kuanzia leo gari lisiwashwe nyumbani kwako mpaka mdogo awe ameshikwa mkono na mtu mzima, mahali unapowaona wote wawili kwa macho yako. Nimewahi kukaa msibani katika nyumba ambayo mtoto aligongwa na gari la baba yake ndani ya uzio wao wenyewe, asubuhi ya siku ya kazi, na tangu siku hiyo sijaweza kulipokea jambo hili kama la bahati tu.

Hilo linanileta kwenye siri yako. Mume wako aliuza kiwanja bila kukwambia, ukaumia, na una haki ya kuumia, maana fedha ya VICOBA ilitoka kwenye jasho lako. Sasa nawe umemficha jambo la mtoto. Nadhani unaogopa atasema hujui kuendesha, au kwamba unatafuta sababu ya kulichukia gari lake. Mwambie hata hivyo, tena kabla hamjaongea habari yoyote ya mafuta. Mwite kwa jina la mwanenu wa kwanza kama ulivyozoea, na umweleze kwa utaratibu ulikuwa umesimama wapi, mtoto alikuwa wapi, na kelele ya dada wa kazi ilikufikia vipi. Usiichanganye habari hiyo na Kibada, kwa sababu akisikia neno kiwanja atajitetea kuhusu kiwanja na la mtoto litapotea. Kibada ina siku yake, na siku hiyo utamwambia wazi kwamba kilichokuuma zaidi ni kuuziwa ukiwa hai na mzima, ndani ya nyumba moja naye.

Kuhusu fedha, tuhesabu. Gari la petroli lenye injini ya lita 4.6, kwenye foleni ya Goba hadi Mikocheni na Mwenge, nitalikadiria kilomita 5 kwa lita. Kilomita zako 45 zinakula lita 9 kwa siku. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kwa hiyo utaweka bei ya mwezi husika, lakini kwa wepesi wa hesabu tuchukue shilingi 3,000 kwa lita: ni 27,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 594,000 kwa mwezi. IST yako, kwa makadirio ya kilomita 12 kwa lita, ilikuwa ikitumia kama 247,500 kwa safari hizohizo. Sasa weka pembeni basi la shule: watoto wawili, muhula mzima, 600,000. Mafuta ya mwezi mmoja tu yanakaribia kulipa basi la muhula wote, nawe ukaenda Mwenge kwa daladala kama jirani zako wengi wanavyofanya.

Hapo sijagusa bima. Kwa gari la milioni 95, bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ni zaidi ya milioni 3.9 kwa mwaka. Muulize mume wako kwa upole kama ameikata, maana wapo wenye mashangingi ambao baada ya kununua hubaki na uwezo wa bima ndogo peke yake, na bima ndogo hailipi gari lako likigonga au likiibiwa. Oili ya injini hiyo ni zaidi ya lita 7 kwa kila huduma, wakati IST haifiki 4. Tairi na breki nazo si za kubahatisha kwa spea ya bei ya kutupa, kwa sababu zinasimamisha tani mbili na nusu zilizobeba watoto wako.

Lakini nataka pia kumtendea haki mume wako, kwa sababu barua yako, hata kwa hasira yake, inamwonyesha kuwa mtu anayetaka watu wake wakae pamoja. Familia ya watu wanane haienei kwenye IST. Nawaza Desemba zenu zilizopita, wengine wakitangulia kwa basi na wengine wakibaki Dar es Salaam kulinda nyumba, bibi akifika Rombo "kuhesabiwa", kama wanavyotaniwa Wachaga wanaorudi kwao Desemba, akiwa na wajukuu wawili tu kati ya wanne. Ndoto ya kuwapakia wote kwenye gari moja na kusafiri zaidi ya kilomita 550 mkiimba si ya majivuno peke yake. Isipokuwa mkubwa yuko bweni, na kwa maelezo yako viti vyote vinane hujaa likizo za Juni na Desemba na pengine Jumapili chache. Siku nyingine zote gari hilo linambeba mama mmoja na wanafunzi wawili. Lilinunuliwa kwa kazi ya siku chache za mwaka, likapewa kazi ya kila siku, na ni katika hiyo kazi ya kila siku ndimo fedha yenu inapopotelea na ndimo mtoto aliponusurika.

Kwa hiyo umeniuliza kama umshinikize aliuze, nami ninakujibu hapana, si sasa, na si kwa shinikizo. Gari linalouzwa kwa ugomvi huuzwa kwa bei ya ugomvi, na Kibada haitarudi kwa hilo. Ninachotaka ni kwamba liache kwenda Mikocheni. Watoto waingie kwenye basi la shule, gari libaki kwa safari za familia, na ndani yake muweke daftari ambalo kila safari inaandikwa kilomita, mafuta na idadi ya watu waliopanda. Mkirudi kutoka Rombo Januari, lifungueni pamoja. Maoni yangu, ukiyataka, ni kwamba daftari litawaelekeza kuliuza na kuchukua kitu kama Toyota Noah, ambayo nayo hupatikana ya viti 8 kwa injini ya lita 2, na kiasi kitakachobaki kianze kwa kumaliza mkopo wako. Kama nyumba yenu iko kwenye yale makorongo ya Goba ambayo masika huyageuza kuwa utelezi, Noah itakwaruza tumbo, na hiyo ni hoja ya kweli ambayo mume wako anaruhusiwa kuitoa.

Ndugu wajibiwe na yeye, si wewe. Msiba sikatazi, mradi aendeshe yeye mwenyewe na bima iwe hai. Harusi watafute magari ya kukodi. Na kadi za michango mzijaze kwa kipimo cha mshahara, hata kama aliyeileta aliliona shangingi getini.

Mkienda Rombo, kumbukeni kwamba viti vinane vikijaa, nafasi ya mizigo nyuma inabaki finyu, na watu huhamishia kila kitu kwenye keria. Mzigo mzito juu ya gari lililo refu tayari huliyumbisha kwenye kona, kwa hiyo mchele na masanduku vitangulie kwa basi, na ndizi za kurudi nazo zirudi kwa basi. Kila mtu afunge mkanda, hadi wa kiti cha mwisho, na mdogo asisimame katikati ya viti vya mbele. Mkikuta maji yanayokimbia yamekatiza barabara, msijaribu kupita kwa kuutegemea urefu wa gari, maana maji yanayokwenda kwa nguvu hulisukuma hata gari zito.

Limebaki lile neno lake, kwamba haiwezekani watoto wapande basi wakati gari liko nyumbani. Usibishane nalo kwa maneno. Mwombe achukue likizo ya wiki moja, au apange na kazini kwake, aendeshe yeye: atoke Goba saa 12 asubuhi na watoto wawili, azitazame bodaboda zinazompita upande wa kushoto asikoziona, akupitishe Mwenge, akurudishe jioni, na ajaze mafuta kwa mfuko wake mwenyewe. Ijumaa usiku, mama mkwe na watoto wakiwa wamelala, mkae wawili mezani na risiti za kituo cha mafuta, na safari hii umwache yeye aanze kuzungumza.