Picha ya watoto wa kasa iliyotolewa kwenye shindano: jibu langu

Mkuu nimesoma uzi wako mara mbili. Unasema picha yako ya watoto wa kasa wakikimbilia maji jua likizama imetolewa kwenye shindano kisa mliwaweka kwenye ndoo tangu usiku mkawaachia jioni ili mpate mwanga, na unauliza kosa liko wapi wakati hukuediti kitu. Nakujibu kwa moyo mweupe kwa sababu picha kama hiyo ninayo, niliipigia Msimbati kule Mtwara.

Sisi tulitumia beseni. Kijana mmoja alitufukulia kiota alfajiri, tukawawekea mchanga kidogo tukafunika na khanga. Asubuhi yote walikuwa wanakwaruza plastiki bila kupumzika, ukisikiliza kama mvua ndogo kwenye bati, ilipofika mchana kimya. Tukasema wametulia. Kumbe wamechoka. Mtoto wa kasa anatoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni, hiyo ndo nguvu yake ya kuvuka mawimbi mpaka maji makubwa, na sisi tuliimalizia kwenye beseni. Jioni tulipowamwaga wengine walijikokota kidogo tu wakalaza kichwa mchangani, na kunguru washafika. Niliona saba wakibebwa, nimeweka jicho kwenye kamera, na bado nikawa nabonyeza. Picha ni nzuri sana na sijaipeleka popote.

Wenyewe wanatokaga usiku mchanga ukishapoa, kunguru wamelala, wanafuata weupe wa bahari. Ndo maana tochi na flashi zinawapoteza, wanageuka kufuata mwanga wako wanaishia kwenye majani huko juu. Na mama kasa ukimmulika anapopanda anaweza kurudi majini bila kutaga.

Sasa hilo la "sikuediti". Lile shindano kubwa la picha za wanyamapori la makumbusho ya London, picha iliyoshinda 2009 ilikuwa ya mbwa mwitu wa Hispania (wolf) anaruka geti usiku, Januari 2010 wakaivua ushindi baada ya majaji kuona kuna kila dalili ni mnyama aliyefundishwa. Mpigaji alikanusha. Tena 2018 wakaitoa ya Brazil iliyoshinda mwaka mmoja nyuma yake, mnyama mla mchwa kwenye kichuguu kinachowaka nuru za wadudu, wataalamu waliolinganisha manyoya na alama wakasema ni yule aliyekaushwa aliyekuwa kwenye maonyesho pale mlangoni mwa hifadhi ilikopigiwa picha. Mpigaji wake naye alikanusha. Angalia basi, kote huko ugomvi haukuwa rangi wala kuediti, ugomvi ni kilichotokea mbele ya lenzi. Mashindano mengi yanadai faili la RAW, yaani lile ghafi lililotoka kwenye kamera bila kuguswa, sawa, litaonyesha hukuongeza kasa wala hukufuta mtu, ila halionyeshi ndoo. Ndoo unaijua wewe na waliokuwepo. Mtu akiiona picha yako anaamini kasa wa kwetu wanatoka jioni wakipendeza hivyo, mwaka kesho anakuja na mgeni wake anamlipa kijana afukue kiota.

Kwa hiyo majaji hawajakuonea ndugu yangu, na kuwaambia ukweli ulipoulizwa umefanya jambo kubwa, wengi wangenyamaza. Kitu ningekuomba, ile picha uliyoiweka mtandaoni uiongezee maelezo kwamba waliwekwa kwenye ndoo wakaachiwa kwa ajili ya picha.

Na kama bado unataka kasa, tafuta wale wanaolinda viota kwenye kijiji chenu, omba kukaa nao, kaa mbali na chini ya upepo, simu zima. Usiku utapata kidogo sana, pengine hupati kitu, mimi nimelala pwani siku nne bure. Ila saa kumi na mbili asubuhi kabla maji hayajajaa mchanga unakuwa umechorwa mistari midogo midogo kutoka kiotani mpaka mawimbini, na ya kaa imekatiza katikati. Lala kifudifudi, jua likiwa bado chini vivuli vinaingia kwenye kila kinyayo. Hiyo ndo niliyopeleka mwaka jana.