Betri ya moyo: kabla ya bei, uliza umeme umekatikia wapi

Daktari akikuambia mzazi wako anahitaji betri ya moyo (pacemaker), yaani kifaa kidogo kinachoushtua moyo kwa umeme kupitia waya ili upige, swali la kwanza lisiwe bei. Bei utaiuliza tu, hapa Dar nani asiyeiuliza? Anza na hili: umeme wa moyo umekatikia wapi, na ncha ya waya wa betri mtaiweka wapi?

Mama yangu alikuwa akizimia ngazini, nyumbani Kariakoo. Majirani wakasema ni presha. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha mapigo chini ya 40 kwa dakika, vyumba vya juu vya moyo vikipiga kivyao na vya chini kivyao.

Umeme wa moyo huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli juu ya chumba cha juu cha kulia, pale unapoingia mshipa mkubwa unaotoa damu kichwani na mikononi. Ndicho kinachopanga mapigo, 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kifundo cha pili kiko mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Hapo umeme hucheleweshwa kama sehemu ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Ajabu ni kwamba hiki cha pili ndicho kilichotangulia kuelezwa, na Mjapani Sunao Tawara, mwaka 1906; chanzo chenyewe kikafuata mwaka 1907.

Kutoka hapo umeme hushuka kwenye fungu la His, njia kuu ya umeme kwenda vyumba vya chini, hugawanyika matawi ya kulia na kushoto, kisha husambaa kwa nyuzi nyembamba ziitwazo Purkinje. Njia ikikatika, vyumba vya chini hujipigia vyenyewe, ila polepole. Kadiri ilivyokatikia chini ndivyo mapigo yanavyokuwa machache na ya kutotegemewa. Ndiko alikokuwa mama.

Kwa kawaida ncha ya waya hukitwa kwenye msuli wa chumba cha chini cha kulia. Inafanya kazi, lakini umeme unaoanzia kwenye msuli ni abiria aliyeikosa njia ya mwendokasi: atafika, ila kwa foleni. Upande wa kushoto, wenye kazi nzito ya kusukuma damu mwilini, hukaza kwa kuchelewa. Kwa mtu anayetegemea betri karibu muda wote, baada ya miaka moyo unaweza kudhoofika. Ndiyo maana siku hizi wapo madaktari wanaoikita ncha kwenye fungu la His au eneo la tawi la kushoto. Si lazima kwa kila mgonjwa; ambaye betri humsaidia mara mojamoja, sioni haja ya kumsumbua.

Kwa hiyo uliza pia betri itafanya kazi muda wote au la, na echo, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inasemaje kuhusu nguvu ya moyo. Akishawekewa, asinyanyue mkono wa upande ule juu ya bega hadi daktari aruhusu, simu aiweke sikio la upande wa pili, na kadi ya betri aionyeshe kabla ya kupimwa MRI (picha ya mwili kwa sumaku).